Mkanda Kwanza, Salamu Baadaye

Wateja wake walimwita Mama Pindo. Pindo la gauni likienda upande hata kwa upana wa uzi, alilifumua. Mteja angenung'unika kwamba safari ni kesho, yeye angefumua tu, tena kwa utulivu kama mtu anayemenya viazi.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye, mumewe mwoka mikate, na mama mkwe wake, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Mume aliamka alfajiri kwenda kuwasha tanuri. Mama mkwe aliamka baadaye kidogo, akakaa barazani na kutoa maoni yake juu ya kila kilichopita, na hata ambacho hakikupita.

Siku hizo kazi ya cherehani ilikuwa imepungua. Watu walinunua nguo zilizoshonwa tayari. Mashine ya Mama Pindo ililala siku tatu kwa wiki, imefunikwa kitambaa kama mgonjwa.

Nyuma ya mji kulikuwa na kilima, na juu ya kilima shule. Shule ile ilifundisha watu kupaa kwa parachuti pana lenye umbo la bawa. Mtu hukaa kwenye kiti cha mikanda, hukimbia kwenye mteremko, bawa humnyanyua, naye huelea mpaka uwanja wa chini. Wenyewe waliliita bawa tu. Basi shule ilitaka fundi wa kushona mabawa yaliyochanika. Ilikuwa kazi ya kudumu.

Mama Pindo alikwenda. Mwenye shule, mwanamke wa maneno machache, alimwambia sharti lake.

"Siwezi kumkabidhi bawa fundi asiyejua linavyombeba mtu. Jifunze. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao utapaa peke yako nikikutazama. Ukipaa vizuri na kutua vizuri, kazi ni yako. Usipoweza, yupo mshona mahema anasubiri."

Jioni ile alipoeleza mezani, mume aliacha kutafuna. Alisema anaogopa. Hakusema zaidi, maana alimjua mkewe. Mama mkwe ndiye aliyesema zaidi.

"Mimi nina kuku sita," alisema. "Wote wana mabawa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka ule ua."

"Kuku hawana mwalimu, mama," akajibu Mama Pindo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alichechemea mguu wa kushoto, na alipenda kuutania kuliko mtu mwingine yeyote. Alisema mguu ule ndio cheti chake. Aliupata zamani, siku aliyopaa upepo ukiwa mkali kwa sababu tu rafiki zake walikuwa wanamtazama.

Kosa la kwanza la Mama Pindo lilitokea kabla hajapaa hata hatua moja. Alipewa bawa la mazoezi alipeleke nyumbani, akajifunze kulikunja. Majani yalikuwa na umande, bawa likalowa kidogo. Yeye akalikunja kifundi, kama shuka la hoteli, mikunjo mikali iliyonyooka. Kisha akamwomba mumewe aliweke karibu na tanuri likauke.

Mwalimu alipita kununua mkate, akaliona. Alilitoa pale haraka kuliko mguu wake ulivyozoea.

"Fundi, umelikunja vizuri mno," alisema. "Ndiyo ubaya wake."

Akamweleza taratibu. Kitambaa cha bawa kimepakwa dawa ya kuzuia hewa isipenye. Mkunjo mkali unaorudiwa palepale huivunja dawa hiyo. Joto la tanuri huiharibu, na jua kali pia. Bawa likifungwa likiwa na unyevu huota ukungu. Kwa hiyo bawa hukaushwa kivulini, penye hewa. Mchanga, majani na wadudu hutolewa, maana hata panzi mmoja aliyefungiwa ndani huweza kutafuna kitambaa. Ndipo hukunjwa polepole, vyumba vyake, ile mifuko ya hewa iliyopangana, vikilala kimoja juu ya kingine, bila kukandamizwa.

Mama Pindo alisikiliza huku vidole vikimwasha. Miaka ishirini alikuwa akikandamiza mikunjo. Siku ile alilikunja bawa mara tisa, mpaka akalikunja kwa ulegevu unaotakiwa.

Wiki sita zilizofuata alikwenda kilimani kila alfajiri. Mwanzo hakupaa kabisa. Alijifunza kulinyanyua bawa kwenye uwanja tambarare, na hapo ufundi wake ukamponza tena. Fundi cherehani haachi kitambaa kijiendee. Kila bawa lilipoanza kupanda, mikono yake ilivuta breki, zile kamba mbili za kupunguzia mwendo, nalo likarudi nyuma na kumkalisha chini. Siku ya nne alikuwa ameketi matopeni mara kumi na moja. Mama mkwe alihesabu kwa kutazama madoa ya suruali.

"Ukilishika haliwezi kupanda," Mwalimu alimwambia. "Mikono juu. Kimbia. Likifika juu ya kichwa, ligusie breki kidogo lisikupite. Litazame: kama limejaa hewa na kamba hazijasokotana, endelea kukimbia. Usijirushe, wala usikae kitini mapema. Kimbia mpaka ardhi ikuache yenyewe. Na kama kuna kitu hukipendi, simama. Kusimama hakuna adhabu."

Akamfundisha pia maneno saba ya kukagua kabla ya kukimbia: kofia, mapaja, kifua, akiba, kamba, upepo, anga. Kofia ngumu imefungwa kidevuni. Mikanda ya mapaja imefungwa. Mkanda wa kifua umefungwa. Parachuti dogo la akiba liko salama mahali pake. Kamba hazijajifunga. Upepo unakuja usoni, tena kwa upole. Anga mbele haina mtu. Kila neno, mkono unagusa au jicho linatazama. Mama Pindo alihesabu maneno hayo akishona, akifua, akipanda kitandani. Mumewe naye akayajua bila kupenda.

Akahamia mteremko mfupi, kisha mrefu kidogo. Akapaa kimo cha mlango, kisha kimo cha paa la nyumba. Polepole mikono ikatii.

Jumamosi ikafika. Mwenye shule alisimama pembeni, mikono nyuma. Alitangaza kwamba mwisho wa kupaa ni saa nne, kwani jua likipanda upepo hubadilika. Mshona mahema alikuwa ameshapaa na kutua salama. Saa tatu na nusu ilikuwa zamu ya Mama Pindo.

Akatandaza bawa. Akavaa kiti. Kofia, akafunga. Mapaja, akafunga. Kifua. Mkono ulikuwa unakwenda kifuani aliposikia mtu anahema nyuma yake.

Alikuwa mama mkwe, ameshikwa mkono na mwanawe. Mwanamke yule asiyefika hata dukani bila kulalamika alikuwa amepanda kilima kizima.

Mkwe hapuuzwi. Mama Pindo akageuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Za hapa?"

Nzuri. Magoti je? Yanalalamika. Njia je? Ina mawe. Basi mama hana pa kukaa. Kulikuwa na kigoda kwenye kibanda cha shule, hatua thelathini hivi. Lakini mikanda ya mapaja ikikazwa, mtu hutembea kama bata. Mama Pindo akaifungua, akakifuata kigoda, akamkalisha mkwe wake vizuri. Kisha akarudi kwenye bawa na kuendelea pale alipokuwa ameishia. Kifua, akafunga. Akiba, sawa. Kamba, sawa. Upepo, usoni. Anga, tupu.

Akainua mikono. Akapiga hatua ya kwanza.

"Simama," Mwalimu akasema. Hakupaza sauti.

Akasimama. Bawa likanyanyuka nusu, likalala.

"Gusa mapaja yako."

Akagusa. Mkanda wa kulia ulikuwa unaning'inia. Wa kushoto pia.

Mwalimu alisogea, akaongea ili na familia isikie. Alisema angekimbia vizuri tu. Bawa lingemnyanyua vizuri tu. Halafu angeteleza kutoka kitini, akabaki amening'inia kwa makwapa, mikono imebanwa, kimo cha nyumba kumi kutoka ardhini. Wapo waliopaa hivyo, na si wote waliotua hai. Na wengi wao hawakuwa wazembe. Walikatizwa tu. Mtu aliuliza swali, au simu iliita, au rafiki alisalimia.

"Ukikatizwa, huendelei ulipoishia," alisema. "Unarudi mwanzo. Kofia. Hata ukiwa umebakiza neno moja."

Mume alikuwa amekaa chini, rangi imempotea. Akasema inatosha, waende nyumbani. Mama Pindo alimtazama, kisha akamtazama mwenye shule. Mwenye shule alitazama saa yake. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

"Kosa ni lako," mwenye shule akasema. "Unalirekebishaje?"

Jibu Mama Pindo alikuwa nalo, lile alilowapa wateja wake miaka ishirini. Kazi iliyokwenda upande hufumuliwa. Akafungua kila kifungo, mpaka kofia. Akavua kiti, akakivaa upya. Akalitandaza bawa upya. Mama mkwe akafungua mdomo kusema pole.

"Nisamehe, mama," Mama Pindo akasema bila kugeuka. "Sasa hivi sisikii mtu."

Mume akajikunja kusubiri mvua ya maneno. Mama mkwe akafumba mdomo.

Kofia. Mapaja, kulia, kushoto. Kifua. Akiba. Kamba. Upepo. Hapo akanyamaza. Utepe mwekundu uliofungwa kwenye mlingoti ulikuwa unapiga huku na huku. Akasubiri. Dakika tano zikaenda, kisha nane. Mtu mwingine angejaribu bahati. Yeye alisimama, macho kwenye utepe. Moyoni alikuwa ameshaamua kwamba saa nne ikimkuta hapo, atafungua mikanda na kwenda nyumbani, kazi aipate mshona mahema. Dakika ya kumi na moja utepe ukatulia, ukaelekea upande mmoja, usoni kwake. Akarudia tangu kofia. Anga.

Akakimbia. Bawa likapanda, mikono haikulizuia. Akalitazama, limejaa. Hatua, hatua, hatua, kisha mguu ukapiga hewa.

Kilichomshangaza ni kimya. Kuna mlio wa upepo kwenye kamba, basi. Aliliona paa la tanuri la mumewe, dogo kama mkate. Redio ndogo ya mawasiliano iliyofungwa begani ilileta sauti ya Mwalimu, ikimkumbusha apumue.

Akakaa mbali na miti na nyaya za umeme. Juu ya uwanja akageuka kuukabili upepo, akainuka kitini, mikanda ikimshika, miguu chini tayari kukimbia. Breki akaziachia. Ardhi ilikuja haraka, vidole vikataka kuvuta. Akavinyima. Kimo cha mlango, bado. Kimo cha meza, sasa. Akavuta zote mbili mpaka chini, kwa ulaini, kama anayeteremsha mtoto aliyelala. Miguu ikagusa, akatembea hatua tatu. Bawa likalala nyuma yake.

Hakushangilia kwanza. Alilikusanya bawa, akaondoka katikati ya uwanja ili anayefuata apate nafasi. Chini ya kivuli akatoa majani, akamtoa mbu mmoja, akalikunja kwa ulegevu. Mwenye shule alipofika alilikuta tayari ndani ya mfuko wake wa kubebea. Alilipapasa kidogo.

"Jumatatu, saa mbili," akasema.

Jumatatu hiyohiyo Mama Pindo aliomba kitu kimoja kabla ya kushika sindano. Aliomba kamba ndefu. Wakaizungushia sehemu ya kupaia. Aliye ndani ya kamba haulizwi, haitwi, hasalimiwi, awe nani. Tangu hapo Mwalimu hajalazimika kumsimamisha mtu kwa sababu ya mkanda.

Shughuli ya kuilinda kamba ile haikupewa mtu. Ilichukuliwa. Jumamosi, mwoka mikate humpandisha mama yake kilimani polepole, na kigoda kinawekwa pale kamba inapoanzia. Wiki iliyopita mwenye shule mwenyewe alikuja mbio, ana neno la haraka na mtu aliyekuwa anajiandaa kupaa. Kutoka kigodani, fimbo ya kutembelea ikanyooshwa mbele yake.

"Ngoja, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Anahesabu."

Mwenye shule akangoja.