Safu ya Upotevu

Ndoo ya taka ilikuwa tupu, tena ina mate.

Kila asubuhi mhasibu wa gharama wa kiwanda cha nyama ya kopo, aliyebandikwa jina la Bi Senti kwa kuwa hata senti moja haikumpita, alishuka chumba cha kukatia kupima mifupa, mishipa na mafuta yaliyochacha, ayaandike kwenye safu ya upotevu ya ripoti yake. Leo mizani ilisoma sifuri. Ndani ya ndoo ute mzito ulikuwa bado unatiririka, una joto, unanuka kama mdomo wa mtu aliyelala na njaa. Bi Senti aliziba pua.

"Nani kaiosha hii?"

"Haijaoshwa, mwanangu," mjomba wake alimnong'oneza. "Imelambwa."

Mjomba huyo ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Alikuwa fundi wa msumeno wa mifupa mpaka msumeno ulipomla vidole vitatu. Sasa alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akibandika karatasi za jina kwenye makopo, polepole, kwa mshahara uleule.

Meneja aliposikia sifuri alipiga makofi. Ataulizaje taka zimekwenda wapi? Makao makuu walimwahidi posho kila gharama ya kopo moja ikishuka. Naye mwezi uliopita alibandika tangazo ukutani: YEYOTE ATAKAYEMALIZA UPOTEVU ATAPEWA ZAWADI. Yeyote! Msomi mzima anaandika "yeyote" halafu anabandika mahali panaponuka damu. Na kwa kuwa hakuna aliyekuja kuidai ile zawadi, akaitia mfukoni mwake. Ptuu!

Mwezi wa pili alimsimamia Bi Senti mgongoni. "Safu ya upotevu mbona nyeupe? Gharama lazima ishuke tena. Andika maziwa ya paka wa ghala. Yule anazalisha nini?"

"Anakamata panya, bosi."

"Nimekuuliza anazalisha nini."

Akaandika. Saa sita mchana, mashine zinanguruma na watu wamejaa, paka alilia mara moja chini ya meza ya kukatia. Walipoinama walikuta manyoya yaliyolowa ute, yamelazwa upande mmoja, na ulimi usioonekana bado unayapitia taratibu, slaap, slaap. Mfungaji makopo alitapika hapohapo, na matapishi yake nayo yakalambwa.

Bi Senti hakula siku hiyo. Aliwaza lile neno aliloliandika miaka kumi bila kulisikia: upotevu. Ukikiandika kitu humo, umeshakiambia kipotee.

Mwezi wa tatu meneja alirudi akichokonoa meno. "Bado tumezidi kidogo. Yule mzee wa kigoda. Makopo arobaini kwa saa, wenzake themanini. Nusu ya mshahara wake ni upotevu."

"Bosi, yule ni mjomba wangu. Umeona yaliyompata paka!"

"Paka katoroka. Na hesabu hizi ni zako, sikuzitunga mimi. Andika nusu."

Kweli zilikuwa zake, kazihesabu mwenyewe kwa saa ya mkononi, na kwa bidii. Nusu ipi sasa, ya juu au ya chini? Nyuma ya shingo yake pumzi yenye joto la kinyesi ikatua, ikatulia, ikasubiri, huku kupitia kioo cha dirisha la ofisi akimwona mjomba wake anabandika kopo moja, anapumzika, anabandika jingine, bila kujua kwamba miguu ya kigoda chake imeshalowa, kwamba ute unapanda, unazunguka viatu vyake, unafika kwenye vifundo, kama kitu kinachoonja kabla hakijauma.

"Bosi," akasema, "posho yako wewe imezalisha makopo mangapi?"

Meneja akacheka. "Wewe nawe! Hata moja."

Bi Senti akaandika: posho ya meneja, yote.

Ilikuwa imeshaliwa zamani, imo tumboni. Basi kile kitu kikaifuata hukohuko. Msinitake niseme kilipitia wapi. Meneja alipiga kelele mpaka koo lenyewe likaondoka, na lililobaki kitini ni suti, imelowa, safi kuliko ilivyotoka dukani. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Mjomba akalichana tangazo siku ileile, vipande akavichoma. Watu wakapumua. Ndoo ikajaa taka tena, ikanuka uozo wa kawaida, na Bi Senti alikaribia kulia kwa furaha.

Makao makuu wakapiga simu: gharama haijawahi kushuka vile, kiti cha meneja ni chake, na posho ileile. Akashukuru. Mwisho wa mwezi akakaa na ripoti, akaona gharama imepanda kidogo tu. Safu ya upotevu ilikuwa na taka za ndoo tu, chini yake nyeupe. Akainua macho kwenye kioo.

Mjomba wake alimpungia ule mkono wenye vidole viwili. Makopo arobaini kwa saa.

Mate yakamjaa mdomoni, mazito, ya moto. Akayameza.