Chupa ya Handakini

Saa mbili asubuhi Mama Mwenye Nyumba alijaza maji jagi la mezani kwa mkono wake mwenyewe. Saa tatu, alipopita na ufagio, jagi lilikuwa kavu hadi chini, na glasi zilikuwa zimefunikwa vilevile alivyoziacha. Akamtupia jicho mgeni wa chumba cha tatu, aliyekuwa akipiga picha matundu ya risasi sebuleni, akamlaumu moyoni.

Tangu bunduki zinyamaze walikuja wengi wa aina yake, vijana wenye mashanta makubwa kuliko wao, wakizunguka nchi kwa miguu kutafuta mahali watu walipouana. Huyu, Mama Mwenye Nyumba alimpachika jina la Konokono.

"Bi mkubwa, mizinga ilifika hapa?" aliuliza siku aliyoingia, macho yanamng'aa kama anaulizia harusi.

"Ilifika. Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Jana yake Konokono alikuwa amepanda mlimani kwenye mahandaki ya vita, ambako wenyeji hawakati hata kuni, akarudi na chupa ya bati ya askari, imeliwa na kutu. Aliinyanyua juu kama kombe la mpira.

"Kairudishe," Mama Mwenye Nyumba alimwambia. "Ina mwenyewe hiyo."

"Mwenyewe si alishakufa?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Alicheka. Watu wa namna ile hucheka.

Kufika adhuhuri pipa la jikoni nalo lilikuwa limekauka. Nyumba nzima ilinuka udongo mbichi na chuma cha kale, na nyuma ya kuta kulisikika mtu anagugumia maji, gudu, gudu, bila kupumua. Konokono alikuwa kitandani, midomo imepasuka, na kila kikombe alichopewa kilikauka kabla hakijamgusa mdomo. Hakuwa akicheka tena.

Ndipo mama mkwe wake Mama Mwenye Nyumba alipotoka chumba cha nyuma na sufuria ya maji ya kuazima kwa jirani. Kwa miaka kumi na mmoja bikizee huyo alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe wa pekee alikufa shujaa akiulinda mlima ule.

"Amerudi," alinong'ona. "Ananiita. Anasema ana kiu."

"Mama, huyo si yeye."

"Sauti ya mwanangu nisiijue?"

Ikabidi aitwe mtoa majini. Aliingia na chetezo na vitabu viwili, kifua mbele, akaamuru watu wakae kimya. Konokono akafumbua macho, na kwa sauti isiyo yake akamuuliza taratibu, wakati wenzake wanapigana, yeye alijificha uvunguni mwa kitanda cha nani. Mtoa majini akaondoka bila chetezo na bila kiatu kimoja.

"Mwanamume mzima," Mama Mwenye Nyumba alisema, akasonya.

Lakini yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti, maana jua lilikuwa linawaka dirishani na bado chumba kilikuwa na baridi ya shimo, na ile sufuria mikononi mwa mama mkwe ilikuwa inapungua yenyewe, kidole baada ya kidole, na mikono ya bikizee nayo ilikuwa inakauka pamoja na maji, ngozi inajikunja juu ya mifupa kama karatasi karibu na moto, na yeye anatabasamu, anazidi kusogea kitandani, anasema, kunywa baba, kunywa.

"Mke wangu," ile sauti ikaita. Ilikuwa ya mumewe kweli, hata kile kikohozi kifupi. "Nilikufa na kiu handakini. Na wewe utaninyima?"

Mama Mwenye Nyumba aliipokonya sufuria, akaimwaga sakafuni.

"Mwongo!" alisema. "Tena mwongo usiyejua hata kudanganya. Mume wangu hakufa handakini. Hakulifikia hilo handaki! Usiku wa kuamkia vita alivaa gauni langu, akavuka mpaka na mwanamke wa kinyozi, na mpaka leo wanaishi huko, wana watoto watatu. Wewe umeokota hadithi niliyomtungia mama yake, umeivaa kama shati la mtu. Toka! Hata kwa majini wewe ni takataka!"

Halafu Konokono akapinda mgongo na maji yakambubujika kinywani na puani, meusi, yenye matope, mengi kuliko mtu anavyoweza kubeba tumboni, yakatiririka hadi mlangoni na kutoka nje. Harufu ikakatika.

Kijana alikohoa, akajifuta, akatazama huku na huku.

"Bi mkubwa," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "naweza kuyaandika haya?"

"Chukua chupa yako, uirudishe ulikoitoa. Na usipite tena mlango huu."

Aliondoka ameinama chini ya shanta. Mama Mwenye Nyumba akageuka. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kilicholoa, anaitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imeanza kurudia hali yake.

"Watoto watatu," alisema.

"Nisamehe, Mama. Sikuwa na namna."

Bikizee aliikunja mikono mapajani. Aliposema, hakuinua uso.

"Ungeniachia tu huyo jini."