Mfuniko Uliobaki Nyumbani

Kila alfajiri, kabla watu wa mtaa hawajafungua madirisha, Bibi alikuwa ameshawasha jiko. Alimimina mchanga safi kwenye karai, akauacha upate moto, ndipo akatia karanga na kuanza kuzigeuza kwa mwiko mrefu. Mjukuu wake aliketi kwenye kigoda kando yake, macho bado mazito kwa usingizi, akikunja karatasi kuwa vifuko vyenye ncha. Karanga zikishapoa, Bibi alizipepeta, akachambua moja moja, na iliyokuwa na doa aliitupa bila kuionea huruma.

Kwa sababu ya karanga hizo, shuleni msichana huyo aliitwa Kindi, na jina likamganda. Nyumbani Bibi alimwita mke mwenza, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao.

"Mke mwenza, changamka," alikuwa akimwambia. "Mume wetu, Mungu amrehemu, hakupenda wanawake wanaopiga miayo."

Waliishi wawili tu katika chumba kimoja na kibaraza. Biashara ya Bibi ilikuwa pale pale kibarazani. Haikuwa kubwa, lakini watu walimwamini, na kwa mtu anayeuza chakula hilo ndilo jambo lenyewe.

Mwaka huo Kindi alijiunga na skauti. Mwalimu wa skauti alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, asiyependa kusema jambo kabla ya kulionyesha. Kabla ya kambi aliwaambia wanafunzi walete uwanjani vyombo ambavyo wangependa kwenda navyo. Wakaleta sahani za udongo, masufuria ya kila ukubwa, chupa za chai na birika lenye mpini wa plastiki. Mwalimu alivifunga vyote katika mizigo, akawataka wazunguke nayo uwanjani. Hakuna aliyemaliza mzunguko. Sahani mbili zilivunjika njiani, na birika lilipowekwa juu ya moto wa kuni mpini wake ukalainika na kuning'inia kama sikio la mbuzi.

Ndipo akawaonyesha vyombo vyake mwenyewe: sufuria moja nyepesi yenye mfuniko, kikombe cha bati, kijiko na kisu kidogo. Kila kimoja kilikuwa na kazi zaidi ya moja. Kikombe kilikuwa pia kipimo cha mchele. Mfuniko uligeuzwa ukawa sahani, na moto ulipofifia ukawa upepeo wa kuuchochea. Aliwafundisha kupaka sabuni nje ya sufuria kabla ya kuiinjika ili masizi yasigande, kupanga mawe matatu yasiyoyumba, na kutafuta kuni kavu chini ya zile zilizolowa.

"Msisahau mfuniko," alisema akiwa amechutama kando ya moto. "Sufuria iliyo wazi inapasha moto mawingu."

Kindi alikuwa na sufuria iliyofaa kabisa, kwa maana Bibi alikuwa amempa yake. Tatizo lilikuwa mfuniko. Ule wa asili ulikuwa umepotea zamani, na uliokuwepo ulitoka kwenye sufuria nyingine, ukubwa ulizidi kidogo, na badala ya kishikio Bibi alikuwa amefunga kigurudumu kitupu cha uzi wa kushonea kwa waya. Siku ya mazoezi Kindi alipoutoa, msichana mmoja aliyeitwa Redio, kwa kuwa hakuwa na swichi ya kumzima, aliutazama akainamisha kichwa upande.

"Jamani, sufuria ya Kindi imevaa kofia ya babu yake," alisema.

Kikundi kizima kilicheka. Kindi naye alicheka, ili asionekane ameumia, lakini masikio yalimwaka moto.

Siku ya kuondoka, Bibi alimfungia karanga za kugawana na wenzake, akamwagiza asimsahau aliye mdogo kuliko wote. Bibi alipoingia kuchukua kamba, Kindi aliutoa mfuniko kwenye mzigo akausukuma nyuma ya gunia la karanga. Aliona kwamba amepunguza mzigo.

Kambi ilikuwa kando ya kijito, mwendo wa asubuhi nzima kutoka mjini. Walipofika, mvua ikaanza. Haikuwa mvua kubwa, ila ilikuwa ile isiyo na haraka, inayonyesha kana kwamba haina pengine pa kwenda. Kila kikundi kilijenga moto wake chini ya turubai. Wali na maharage walipika wakubwa kwenye sufuria kubwa ya wote, lakini maji ya kunywa kila kikundi kilijichemshia, na katika kikundi chao kazi hiyo ilikuwa ya Kindi. Mwalimu alikuwa amerudia mara nyingi kwamba maji ya kijito hayanywewi mpaka yatokote, mapovu makubwa yakipinduka toka chini, kisha yaachwe yaendelee kwa muda.

Kindi alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Kuni zilifuka moshi bila kuwaka. Upepo ulipita juu ya sufuria iliyo wazi ukachukua kila joto lililojitokeza. Jioni ilipoingia, vitone vidogo vya hewa vilikuwa vimeganda pembeni mwa maji, na mvuke mwembamba ulipanda, basi. Kuni zikaisha. Nyuma yake wenzake walikuwa wamekaa na vikombe mikononi.

"Kindi, unayachemsha hayo maji au unayasimulia hadithi?" Redio aliuliza.

Mwalimu alikuwa akipita kutoka moto hadi moto, mwavuli begani. Akasimama.

"Maji yamechemka?"

Kindi alijua kwamba akisema bado, swali la pili litakuwa mfuniko uko wapi.

"Yamechemka, Mwalimu."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akaenda kwenye moto uliofuata.

Wenzake walikula karanga za Bibi, wakanywa maji. Tone alikunywa kuliko wote. Alikuwa mvulana mdogo, mwembamba, ambaye sare yake ilionekana kumngoja akue. Alimaliza kikombe, akaomba kingine, na Kindi akamjazia. Chake mwenyewe alikishika mpaka Redio alipogeuka, kisha akakimwaga polepole kwenye nyasi. Alijiambia kwamba hana kiu.

Siku mbili baada ya kurudi, viti vya wenzake wa kikundi vilikuwa vitupu darasani. Wote waliharisha. Redio alikuwa kitandani kwao, amenyamaza, jambo ambalo lilimtisha mama yake kuliko homa. Tone hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Walimpeleka zahanati akiwa amelegea, macho yameingia ndani, wakamtundikia dripu.

Muuguzi wa zahanati aliuliza watoto walikula nini. Wali na maharage walikula wote, na vikundi vingine havikuugua. Maji yalichemshwa, Mwalimu mwenyewe alithibitisha, kwa kuwa aliuliza akajibiwa. Kilichobaki ni karanga, ambazo kikundi hicho peke yake ndicho kilichozila. Muuguzi hakusema ni karanga. Alisema tu kwamba zichunguzwe. Lakini maneno yalipotoka mlangoni mwa zahanati na kufika mtaani, neno kuchunguzwa lilikuwa limeshadondoka njiani.

Hakuna aliyekuja kumshitaki Bibi. Watu waliacha tu kupita upande wa kibaraza chake. Wale waliokuwa wakinunua kila asubuhi walimsalimia toka ng'ambo ya barabara, kwa heshima zote, wakaongeza mwendo.

Bibi alilisugua karai kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa majivu tena. Alimwaga mchanga wa zamani akaleta mwingine. Alizipasua karanga kwa ukucha, akazisogeza dirishani, akazinusa.

"Sioni kitu," alisema. "Lakini labda macho yangu yamechoka, mwanangu."

Mwanangu. Tangu Tone alazwe, Bibi hakuwa amemwita mke mwenza hata mara moja. Usiku ule na asubuhi iliyofuata Kindi alifungua mdomo aseme, na kila mara lililotoka lilikuwa jambo jingine, kuhusu ufagio, kuhusu maji ya kuoga.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa bado inanyesha. Bibi alisema hatakaanga tena. Hawezi kuuza kitu ambacho yeye mwenyewe anakitilia shaka, na karanga zilizobaki atazimwaga asije mtu akazila. Akalivuta gunia kutoka ukutani. Nyuma yake kitu kikaanguka, kikajiviringisha sakafuni kikilia kama bati, kikatulia miguuni pake. Akainama akakiokota kwa kukishika kigurudumu cha uzi.

"Kumbe hukwenda nao," alisema.

"Ulikuwa mzito, Bibi."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Aliamini, kama alivyozoea kuamini. Akauweka mfuniko juu ya meza, akaliburuta gunia mpaka nje, kwenye shimo la taka, akachota kwa mikono miwili na kuanza kumwaga. Karanga zilikuwa nzuri. Kindi alikuwa amesaidia kuzichambua. Aliziona zikitawanyika kwenye matope, nyekundu, safi, hazina doa, na Bibi akiinama tena kuchota, mvua ikimlowesha mgongo.

Alikimbia akaushika mdomo wa gunia.

"Bibi, si karanga. Ni maji."

Akaeleza yote akiwa amelishikilia gunia kana kwamba linaweza kumponyoka. Alieleza kofia ya babu, kuni, mapovu ambayo hayakuja, na neno alilomwambia Mwalimu. Bibi alisikiliza bila kumkatiza.

"Na wewe uliyanywa?" aliuliza mwishoni.

"Sikuyanywa."

Bibi hakumpiga, wala hakupaza sauti, na Kindi alitamani afanye mojawapo. Bibi alilifunga gunia kwa kamba, akalirudisha ndani, akauchukua mwavuli.

"Vaa viatu," alisema.

Zahanati walimkuta Mwalimu akiwa amesimama kando ya kitanda cha Tone, na mama yake Tone ameketi kwenye benchi. Kindi alisema tena yote, na mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu Tone alikuwa akimtazama. Muuguzi alimshukuru. Alisema sasa anajua aangalie nini, na kwamba wote waliokunywa maji yale watafuatiliwa nyumbani kwao.

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. Alisema na yeye ana sehemu yake. Aliuliza kwa mdomo wakati sufuria ilikuwa wazi mbele yake, na hakuinama kutazama.

Mama yake Tone aliuliza jambo moja tu.

"Ulimwona mwanangu akiyanywa?"

"Nilimwona, mama. Nilimjazia."

Mwanamke yule aligeuza uso ukutani.

"Yalikuwa ya vuguvugu," Tone alisema kwa sauti ndogo kutoka kitandani. "Nikadhani kambini ndivyo yalivyo."

Jumatatu Kindi alisimama mbele ya shule nzima na wazazi waliokuja, akasema ukweli kuhusu maji na kuhusu karanga. Mwalimu alikuwa amejitolea kumsemea, naye akakataa. Baada ya hapo hakuna aliyemtupia neno, lakini kwa siku nyingi hakuna aliyekaa karibu naye. Wateja wa Bibi walianza kurudi, mmoja leo, mwingine kesho. Mshonaji wa jirani hakurudi kabisa. Bibi alisema asilaumiwe, hofu ya tumbo haiondoki kwa kuambiwa.

Tone aliporudi shuleni, amekonda zaidi, Mwalimu aliwakusanya tena uwanjani wajifunze kupika nje upya. Alimwalika Bibi naye, kwa kuwa kikundi kilimkosea. Kazi ya maji akampa Kindi. Redio alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kutafuta kuni.

Kindi alipaka sabuni nje ya sufuria, akaipanga juu ya mawe, akaifunika kwa mfuniko wenye kigurudumu cha uzi. Hakuna aliyecheka. Manyunyu yalikuwa yakianguka na kuni zilisitasita. Wenzake waliketi wakingoja, Tone akiwa na kikombe chake kitupu magotini. Mwalimu alikuja, na safari hii akachutama.

"Yamechemka?"

Kindi alifunua akatazama. Vitone vidogo pembeni, mvuke mwembamba.

"Bado, Mwalimu. Yamekataa."

Mtu mmoja aliguna. Kindi aliinamisha kichwa, na Bibi, aliyekuwa ameketi kwenye tofali karibu na moto, akamsogelea.

"Nikuambie jambo, na ninyi wote sikieni," alisema. "Kuni mbichi zinamshinda hata mtu mzima, na sikuumia kwa sababu maji hayakuchemka. Niliumia kwa sababu ulijua, ukawaacha wenzako wanywe. Anayepika ameshika afya ya watu mkononi, na wao hawana cha kushika ila neno lake. Kwa hiyo yakikataa, sema yamekataa. Tutakaa na kiu pamoja."

Wakakaa na kiu. Redio aliongeza kuni kimya kimya. Kindi alipuliza, akapumzika, akapuliza tena, mpaka moto ukashika, na mfuniko ukaanza kutikisika, kwanza kidogo, kisha kwa kelele, kigurudumu cha uzi kikirukaruka juu yake. Hakuufunua. Aliungoja uendelee hivyo kwa muda, kama alivyofundishwa.

"Haya, mke mwenza," Bibi alisema. "Sasa funua."