Uvimbe Waliouita Mkia

Miaka ile mji wetu ulipoanza kuitwa Bukavu badala ya Costermansville, Adolphine aliteka maji ziwani kila asubuhi kabla ya shule, akaupanda mlima wa Nyalukemba akiimba. Juma lile hakuimba. Mdogo wake, Honoré, alizaliwa na uvimbe mkubwa kama chungwa chini ya mgongo. Nyanya yao alikataza mtu yeyote kusema.

"Watamuita mutoto wa mukia," alionya. "Jina kama lile haliosheki kwa sabuni."

Nyanya alikuwa amesokota uzi wa mgomba. Alikusudia kuufunga uvimbe ule, unyauke na kuanguka wenyewe kama kitovu. Mama alikuwa bado dhaifu, na baba alikuwa kazini mbali, Shabunda.

Mkunga wa hospitali, Maman Colombe, alipopita kumwona mzazi, nyanya alimfunulia uso wa mtoto tu. Mkunga aliusifu. Kisha akamuuliza Adolphine kama mtoto analala chali vizuri.

Adolphine aliutazama uzi mkononi mwa nyanya. "Hapana, Maman. Iko na uvimbe ku mugongo. Nyanya anataka kuufunga."

Nyanya alimkaripia, lakini mkunga alikuwa amekwisha kumfunua mtoto. Siku hiyo hiyo walikwenda hospitali.

Daktari alifunga mapazia, akaweka tochi nyuma ya uvimbe. Ungekuwa mfuko wa maji ya uti wa mgongo, mwanga ungepenya. Haukupenya. Akapapasa kwa kidole, akaeleza kwamba ni nyama iliyoota tangu tumboni mwa mama. Huonekana mara chache, nayo hukatwa mapema kabla haijawa mbaya.

Nyanya akauliza kwa nini kisu kishinde uzi wake.

"Ukikata mugomba juu tu, inakuwa je?" Maman Colombe alimuuliza.

"Unachipua."

"Basi shina la huu uvimbe iko ku ncha ya mufupa wa kitako. Munganga huyu atatoa vyote pamoja."

Ndivyo alivyofanya. Honoré alipona, akanyonya kwa nguvu.

Nyanya alirudi hospitali pamoja na Adolphine, akiwa na maharage ya shukrani, mzigo ameufunga kwa uzi ule ule wa mgomba. Akamshika Adolphine bega.

"Nilizani ninaficha mukia, kumbe nilikuwa ninaficha mutoto," alisema. "Kuheshimu mukubwa ni vizuri, mujukuu wangu. Lakini ugonjwa hauna heshima. Ukiuona, useme."

Kesho yake, kutoka ziwani, Adolphine aliimba mpaka mlangoni.