Shingo ya Ilpo

Mgongo wangu haujaniuma hata siku moja tangu nizaliwe. Ukiacha Jumatatu, siku za mvua, na kila ninapoinama. Lakini hapa nasimulia shingo ya mkwe wangu, Ilpo.

Ilpo ni karani wa bima mjini Tampere, Finland. Kila kiangazi huhamishia kazi yake kwenye kijumba chetu cha ziwani. Kijumba kina meza moja, nami nilikuwa nimeijaza ndoo za matunda ya jemu. Basi Ilpo akaenda kufanyia kazi ndani ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, ikiwa imepoa. Alikaa kwenye benchi la juu, kompyuta mapajani, kichwa kimeinama, miguu inaning'inia. Kutwa nzima.

Baada ya majuma machache shingo ilikaza, bega likawaka moto. Mtoto wake, Venla, alimnyooshea mikono abebwe. Ilpo akajaribu, akashindwa. Mtoto akalia. Baba akageukia dirishani.

"Nitalala kitandani wiki nzima," alisema.

"Utaota uyoga," nikamjibu.

Binti yangu Saara akampigia Henriikka, mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa simu ya video.

"Ilpo, vidole vinakufa ganzi? Mkono umeishiwa nguvu?" aliuliza Henriikka.

"Hapana."

"Vizuri. Ingekuwa hivyo, ungekwenda kwa daktari leo. Sasa kaa kama unavyokaa kazini. Saara, nionyeshe kutoka ubavuni."

Saara akaipeleka simu sauna. Ilpo akapanda benchi la juu, Henriikka akamtazama.

"Kaka, humo watu hutoka jasho, hawaandiki barua za bima. Na usilale wiki nzima, shingo inataka kusogea. Kaa mezani, miguu ikanyage sakafu. Inua kompyuta, kioo kifike usawa wa macho. Tumia kibodi ya kando, mikono iegemee meza. Kila nusu saa simama, tembea kidogo."

"Meza ni ya mama mkwe," Ilpo akanong'ona.

"Mama mkwe anasikia?"

"Anasikia," nikasema, nikaanza kuhamisha ndoo.

Kompyuta tuliipandisha juu ya vitabu vya uvuvi vya marehemu mume wangu. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza vifae kitu. Kila wiki Henriikka alipiga simu, akamfundisha Ilpo kuzungusha mabega na kuvuta utepe wa mpira. Alianza na mvuto mwepesi, kisha akauongeza.

Agosti ikafika siku ya kuosha mazulia. Ilpo akashika shingo upande wa kushoto.

"Mama, bado inachoma. Hata kikombe siinui."

"Pole, mwanangu. Kaa na mtoto."

Tukasugua, mimi na Saara. Sabuni ilipokwisha nikaenda kuchukua nyingine nyuma ya nyumba. Ilpo alikuwa huko, amemnyanyua Venla juu ya kichwa, mikono imenyooka kabisa. Mtoto anacheka, anavuta majani ya mti.

"Shingo inasemaje?" nikauliza.

Akamshusha mtoto polepole. Kisha akashika shingo, upande wa kulia.