Mistari ya Mlangoni

Mimi si mtu wa kushabikia mauzauza. Lakini hili limempata shemeji yangu, mume wa dada, nami naishi nao nyumba moja.

Shemeji alikuwa anauza sabuni madukani. Maduka thelathini kwa siku, kwa miguu, na kila duka ajipige picha na mwenye duka, aitume kwa simu ya kazi. Bila picha, bosi anahesabu hukwenda. Jumapili alijaza ripoti. Mwanawe wa miaka minne alimwita "mtu wa simu". Tulicheka, naye akacheka, ila macho yalikuwa yameshalala. Kila asubuhi alimwahidi kumpima urefu kwenye fremu ya mlango, na kila siku alirudi mtoto keshalala.

Siku moja mwili ukagoma. Akazima simu, akalala kutwa. Alipoiwasha jioni akakuta pongezi za bosi. Picha thelathini zimetumwa, yeye yumo zote, anatabasamu.

"Za zamani hizo," nikamwambia.

"Huyu wa duka la kona kanyoa ndevu jana, na hapa hana."

Hakuogopa. Nadhani hata nguvu ya kuogopa hakuwa nayo. Kesho yake akalala tena.

Siku ya tatu picha zilikuwa thelathini na moja.

Ya mwisho ilipigwa mlangoni kwetu. Saa kumi alasiri. Shemeji, mtoto mabegani.

Saa kumi shemeji alikuwa kitandani. Chai nilimpelekea mimi.

Tukamwuliza mtoto, taratibu. "Baba alikuja," akasema. "Kanipima." Kwenye fremu palikuwa na mstari wa penseli, na tarehe kwa mwandiko wa shemeji.

Akaacha kazi, simu akairudisha ofisini. Siku hiyo hiyo akapiga magoti mlangoni, penseli mkononi. "Njoo baba nikupime."

Mtoto akarudi nyuma, akanishika gauni, akaninong'oneza: "Mama mdogo, huyu siye. Yule hachoki."

Shemeji alisikia. Iliniuma mimi kuliko yeye. Akainuka, akaenda kulala.

Siku hizi saa kumi tunafunga mlango kwa komeo. Mistari haikomi. Sita iko usawa wa mtoto, imepandana kidogo kidogo.

Wa saba nimeukuta leo asubuhi. Uko juu, sawasawa na utosi wa shemeji. Mwandiko ni wake. Tarehe ni ya kesho.