Magogo ya Kilima cha Ancapi

Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada yangu Eliana. Sikusimuliwa. Tulikuwa tukifanya kazi kiwanda kimoja cha karatasi, na mengi niliyaona kwa macho haya. Anayetaka kubisha na abishe.

Asubuhi ile haikuwa na lolote la ajabu. Manyunyu yalikuwa yanatoka baharini, moshi wa kiwanda umeutandia mji kama blanketi bichi, na ile harufu ya kabichi iliyooza ambayo sisi wa hapa pua zetu zimeshaizoea. Nilimpitia shemeji kwake ili tuongozane. Nikamkuta mezani, ananukia sabuni ya kunyolea, anapaka parachichi kwenye mkate, anamtania dada kwamba chai yake ni maji aliyooshea buti. Baldomero Ancapi alikuwa pande la mtu, na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Kazini alisimamia minara ya kupaushia. Mti ukishapikwa unakuwa rojo la rangi ya kahawa. Kazi yake ilikuwa kulipitisha kwenye dawa, mnara hadi mnara, mpaka liwe jeupe kama maziwa.

Getini tulikuta malori yamekwama. Mbele ya lori la kwanza amesimama bibi mmoja, shali nyeusi kichwani, hasogei. Alikuwa Clorinda, shangazi yake Baldomero, dada wa marehemu baba yake. Mji mzima ulimwita mchawi, lakini akishapita.

Magogo yale yalitoka kwenye kilima cha ukoo wao. Zamani Waancapi walizikana pale. Kisha kampuni ikazungusha seng'enge, trekta likapita juu ya misalaba, ikapandwa mikaratusi. Mkaratusi hauna subira. Unafyonza, unapaa. Sasa ilikuwa imeiva, imekatwa, imeletwa.

"Baldo," bibi alisema, "mti huu umekunywa watu. Babu yako yumo. Utampika?"

"Shangazi, toka njiani."

"Nimekuuliza. Utampika?"

Dereva mmoja akapiga honi. "Bosi, mpandishe na yeye! Kuni kavu hiyo, inaiva upesi!"

Watu wakaangua kicheko. Nilimwona shemeji anaiva uso kwa aibu, na aibu ikageuka hasira. Akamkamata bibi mkono, akamburuta kando kama mbuzi wa mnada, akamsukuma. Bibi akaanguka topeni.

"Wafu hawana watoto wa kulisha," Baldomero alimwambia. "Mimi ninao."

Bibi hakulia wala hakulaani. Aliinuka polepole, akajipangusa tope, akasema kwa sauti ya chini:

"Basi msafishe vizuri."

Malori yakaingia.

Mimi nilikuwa naendesha mashine ya kusukuma vibanzi kwenda kwenye pipa kuu la kupikia. Vibanzi vya siku ile vilikuwa vyekundu, vinanata. Vilipoanza kuchemka, harufu ya kabichi ikakatika. Ikaja nyingine. Mate yalinijaa mdomoni kabla sijajua ninanusa nini. Nilipojua, nilishuka kwenye mashine nikatapika.

Ilikuwa harufu ya mchuzi wa nyama.

Kule minarani, nilikokimbilia kumwambia shemeji, rojo lilikataa kupauka. Liliingia la kahawa, likatoka la kahawa.

"Ongeza dawa!" Baldomero alifoka.

"Bosi, tumefika mwisho."

"Nimesema ongeza, pumbavu!"

Wakaongeza. Likatoka vilevile. Akaongeza mwenyewe, anatukana watu, anatukana mti, anamtukana shangazi yake kwa jina. Mara, mchana kweupe, rojo lote likapauka kwa mpigo mmoja. Jeupe kuliko tulivyowahi kuliona. Watu wakashangilia. Shemeji akapanda ngazi ya tangi la kuoshea, akafungua kifuniko, akainama kutazama.

Akakaa muda mrefu ameinama.

Aliposhuka hakuwa na glavu. Mkono wa kulia ulikuwa mweupe, mpaka kucha.

"Umeungua?" nilimuuliza.

Akanisogelea sikioni. "Kuna mtu mle. Aliomba mkono."

"Nani?"

"Nikampa."

Daktari alisema ni dawa za kiwandani. Lakini ngozi haikuwa na jeraha, na Baldomero hakusikia maumivu. Weupe ulipanda tu. Kiwiko. Bega. Shingo. Nywele. Kisha midomo, ikawa huwezi kujua inaanzia wapi. Kicheko kikakoma. Watoto wakahamishiwa kwa jirani, kwa sababu mdogo aliuliza huyu ni nani.

Siku moja dada alinifungulia mlango akiwa ameshika taulo.

"Nilikuwa namfuta uso," alininong'oneza. "Tazama."

Kwenye taulo palikuwa na nyusi yake. Nyusi nzima, imelainika, kama karatasi iliyolowa. Damu hata tone hakuna.

Tulikwenda kwa bibi Clorinda. Alikuwa jikoni anachochea jiko, hakutukaribisha kuketi.

"Mama, mwondolee," dada alisihi.

"Sikumwekea kitu."

"Ni damu yako!"

"Na wale waliopikwa walikuwa damu ya nani?" Akamtazama dada kwa chuki ambayo sijaiona tena. "Mpelekeni kilimani akawaombe radhi. Kama bado ana mdomo."

Akatufungia mlango.

Tulimpeleka mchana uleule, tumemfunika shuka. Kilima kilikuwa visiki vitupu. Hakuna ndege. Baldomero akashuka garini mwenyewe, akatembea mpaka katikati, akapiga magoti. Akainua uso.

Hakuwa na mdomo. Palikuwa laini.

Koo lake lilikuwa linacheza. Alikuwa anajaribu kusema. Anajaribu kwa nguvu zake zote, na pale laini panavutika, panarudi.

Kisha mvua ikaanza.

"Baldo!" Dada akavua koti, akamkimbilia amfunike. Nikamwahi, nikamshika kiuno. Nilikuwa nimeona bega la shemeji.

Lilikuwa linatiririka.

Hakupiga kelele. Angepigia wapi? Aliyeyuka kama mshumaa. Mabega, kichwa, mikono. Macho yalituangalia mpaka mwisho. Shati likalala chini. Rojo jeupe likatambaa kwenye matope, likagawanyika, kila kijito kikashika njia yake kwenda kwenye kisiki. Ardhi ikalinywa. Tulirudi na buti.

Polisi waliandika kwamba ametoroka familia. Kampuni ilikubali haraka. Matanga yalikaliwa bila maiti, na bibi Clorinda alikuja, akala, akaondoka bila kumpa mtu mkono.

Hivi sasa chumbani kwa dada chipukizi la mkaratusi limetoboa saruji, upande wa kitanda aliokuwa akilala Baldomero. Nililikata, likaota. Nikalimwagia mafuta ya taa, likaota. Mara ya mwisho nilipolikata, dada alikuwa amesimama mlangoni.

"Usilikate tena," alininong'oneza. "Unamuumiza."

Utomvu mwekundu ulikuwa umenichuruzikia kidoleni. Nikaunusa. Haukuwa na harufu ya mkaratusi hata kidogo. Ulikuwa unanukia sabuni ya kunyolea, ile ya Baldomero, na nyumba ile haijanunua sabuni hiyo tangu alipoondoka.